Flaiwili nyepesi kwenye gari la mzigo: Fikiria kwanza

Flaiwili ni gurudumu zito la chuma nyuma ya injini. Linatunza nguvu ya mzunguko ili gari lisizime unapoachia klachi. Ukifunga nyepesi, injini inapanda resi haraka na kushuka haraka. Klachi ya mashindano nayo inashika ghafla.

Kwenye mbio ni sawa. Ila ukibeba mawe ya dhahabu kwenda kwenye makarasha, Katoro au Kakola, kuondoka kilimani ni shida: gari linazima na kurudi nyuma, au unaburuza klachi mpaka inanuka.

Kwa kazi hiyo, baki na ya kiwandani. Umeshabadilisha? Vuta hendibreki, ongeza resi kidogo, achia klachi taratibu. Ikishika, ndipo uachie breki.