Nguvu ya Uchovu

Anayetafsiri kitabu cha uhandisi neno kwa neno ataandika "nguvu ya uchovu" na kupita. Amesema uchovu una nguvu! Kinachokusudiwa ni uwezo wa chuma kuhimili mzigo unaokuja na kuondoka mara mamilioni. Mimi ningeandika ustahimilivu wa uchovu. Nguvu hupimwa kwa kuvuta mara moja hadi chuma kikatike. Ustahimilivu huhesabiwa kwa marudio.

"Uchovu" nao una mtego wake. Kwetu gari huchoka, tairi huchoka, hata shati huchoka, na kila mtu anaona. Lakini ekseli za treni alizozichunguza August Wöhler huko Prussia, miaka ya 1850 na 1860, zilivunjika bila kupauka wala kupinda, tena kwa mizigo ambayo zingeibeba bila taabu kama ingekuja mara moja tu. Ufa ulikuwa ukitambaa kidogo kidogo, gurudumu likizunguka.

Kwenye weldi mambo huharibika zaidi. Chuma chenye nguvu ya megapaskali 700 ni ghali kuliko cha 355, na kikiwa kitupu, kimesuguliwa vizuri, kweli hustahimili zaidi. Kichomelee, kiache kama kilivyotoka mkononi mwa fundi, na mbele ya mizigo ya marudio vyote viwili vinakaribia kuwa sawa. Pale weldi inapokutana na bamba hubaki kasoro ndogo mno, pamoja na mkazo ulionaswa chuma kilipokuwa kikipoa. Ufa unakuta njia imeshafunguliwa. Hapo, nakiri, uchovu kweli una nguvu, na "nguvu ya uchovu" si tafsiri mbaya sana.

Tarehe 27 Machi 1980 jukwaa la baharini liitwalo Alexander L. Kielland lilipinduka katika Bahari ya Kaskazini; kati ya watu 212 walikufa 123. Ufa ulianzia kwenye weldi ya milimita 6 iliyoshika kibebeo cha kifaa cha kunasa sauti majini. Weldi hiyo haikubeba jukwaa. Ilibeba kifaa tu.

Dawa ipo: kusaga ukingo wa weldi kwa grenda hadi uwe mteremko laini, au kuugongagonga kwa mashine. Kwa viungo vilivyogongwa hivyo, mwongozo wa Taasisi ya Kimataifa ya Uchomeleaji wa mwaka 2016 hupandisha daraja la uchovu (kiwango cha ustahimilivu, si daraja la kuvukia) kadiri nguvu ya chuma inavyoongezeka.