Kiongozi Alisema "Baridi", London Ikasema Haiwezekani

Kuna watu wakisikia tu wewe ni wa Mombasa, waanza: "Nyinyi wa pwani mwajua nini kuhusu theluji? Mwajua joto na mbu." Haya, leo tuongee. Manake habari iliyowafanya wasomi wa Ulaya wagombane miaka kibao juu ya theluji ya Kilimanjaro ilitoka hapa kwetu, Rabai, kama kilomita 25 tu kutoka kisiwani. Na aliyeongoza ile safari alikuwa Mswahili.

Twende mwaka 1848. Huu mnara wa Mbaraki tunaoupita kila siku bila hata kuutazama ulikuwa ushasimama zaidi ya miaka 100. Reli hakuna. Lami hakuna. Mmishonari Mjerumani, Johannes Rebmann, anatoka Rabai mwisho wa mwezi wa Aprili kwenda Uchagani. Njia haijui. Anayeijua ni Bwana Kheri, kiongozi wa misafara, pamoja na wapagazi wachache.

Tarehe 11 Mei, asubuhi, wakiwa wanakaribia Taveta, Rebmann anaona kitu cheupe juu ya mlima. Anadhani ni wingu. Anamuuliza kiongozi wake. Jibu, kwa ufupi: wingu ni lile pale, lakini ile nyeupe yenyewe sijui ni nini hasa, nadhani ni baridi. "Beredi", ndivyo Rebmann alivyoliandika neno letu.

Hebu tulia hapo kwanza. Huyu mtu hakujifanya anajua kila kitu. Alisema asichokijua, halafu akasema anachokidhani. Na alichokidhani kilikuwa sawa. Rebmann, aliyekulia Ujerumani na kuona theluji tangu utotoni, akaunganisha: baridi, nyeupe, juu mlimani. Ni theluji.

Wachagga nao hawakuhitaji mgeni awafunulie. Rebmann aliporudi huko baadaye aliambiwa kwamba kile cheupe wakiita Kibo, na kwamba kikiletwa chini chageuka maji. Aliambiwa pia habari ya mtawala wa zamani wa Machame aliyetuma watu wapande wakachunguze. Wengi hawakurudi. Aliyerudi, mikono na miguu yake ilikuwa imeharibika. Wenyeji walisema ni kazi ya pepo wa mlima. Sawa, wewe cheka. Lakini dalili zenyewe ni zilezile daktari yeyote wa Norway angezitambua: vidole vilivyogandishwa na baridi. Maelezo yalikuwa ya pepo, lakini ushahidi ulikuwa sahihi, na onyo pia lilikuwa sahihi: usipande kule hivihivi.

Habari ikachapishwa London mwaka 1849. Mwaka huohuo, mwezi wa Desemba, mwenzake Rebmann, Ludwig Krapf, akauona Mlima Kenya akiwa Ukambani, baada ya Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba, kumwambia kuwa uko mlima mwingine wenye kitu cheupe juu. Sasa ni milima miwili, mashahidi wa makabila tofauti, na wote wasema kitu kimoja. Ungedhani kesi imeisha.

Wapi! London kulikuwa na msomi aitwaye William Desborough Cooley. Huyu alikuwa mtaalamu wa Afrika aliyefanyia utaalamu wake mezani, kwa vitabu na ramani. Akasema theluji karibu na ikweta haiwezekani. Eti Rebmann aliiona kwa akili yake, si kwa macho yake. Mwaka 1852 akatoa kitabu kizima kuhusu bara la Afrika, na bado akashikilia msimamo wake. Watu wakamsikiliza kwa sababu alikuwa na jina.

Ikabidi mwaka 1861 na 1862 aende tajiri wa Kijerumani, Karl Klaus von der Decken, na wanasayansi na vyombo vya kupimia. Safari ya pili, usiku, theluji ikawaangukia wakiwa palepale mlimani. Mwaka 1864 shirika la kijiografia la London likampa nishani ya dhahabu. Rebmann alibaki Rabai mpaka macho yakapofuka, akarudi kwao na kufa mwaka 1876. Na Bwana Kheri? Uliza vijana 10 hapa mtaani. Ukipata mmoja anayemjua, nitumie ujumbe.

Mimi niliacha chuo, na mwajua. Kwa hivyo wengine watasema, "Huyu anawachukia wasomi." La. Septemba 2008 kule Busara, karibu na Nyahururu, watu waliamka wakakuta ardhi yote nyeupe. Nchi nzima ikapiga kelele: theluji! Wataalamu wa hali ya hewa wakaeleza kuwa ni mvua ya mawe iliyoanguka kwa wingi ikashikana. Walikuwa sawa, kwa sababu walieleza kitu kilichokuwa pale chini. Shida ya Cooley haikuwa vitabu. Shida yake ni kwamba kitabu kiligongana na macho ya watu, akachagua kitabu.

Na ukitazama dunia nzima, mambo ya theluji na barafu ndivyo yalivyo: elimu yake iko kwa anayeishi nayo. Hakuna dawa moja ya kila mahali.

Kule Minneapolis, Marekani, ambako wamejaa ndugu zetu Wasomali, katikati ya mji majengo yameunganishwa kwa madaraja ya vioo ya ghorofani, jumla kama kilomita 15. Mtu aweza kutoka kazini mpaka dukani bila kugusa theluji. Sweden, sheria inataka gari liwe na tairi za baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 31 hali ya barabara ikiwa ya kipupwe. Huko Nagaoka, Japani, mji unaopata theluji nzito lakini baridi yake si kali sana, wametandaza mabomba katikati ya barabara yanayorusha maji ya chini ya ardhi. Maji hayo yana uvuguvugu kiasi, basi theluji yayeyuka. Sasa chukua mbinu hiyo uipeleke Minneapolis. Umetengeneza kiwanja cha kuteleza, na watu wamevunjika viuno.

Hata chumvi, inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, ina mipaka. Baridi ikizidi sana chumvi ya kawaida haifanyi kazi vizuri, na sehemu nyingine humwaga mchanga ili miguu na tairi zipate kushika. Haya yote wameyajua watu walioanguka, wakaamka, wakajaribu tena.

Wachagga nao wana yao. Kule kileleni, mita 5,895, hawakujenga. Walikaa chini, kwenye migomba, ndani ya nyumba za msonge zilizoezekwa mpaka karibu na ardhi, moto katikati na ng'ombe ndani, joto la mnyama na la mtu likichangia. Maji wakayashusha mashambani kwa mifereji waliyochimba wenyewe, iitwayo mifongo. Hiyo ni teknolojia kamili, bila injini.

Na sisi pwani? Lugha yetu ina maneno mawili. "Theluji" limetoka Kiarabu, "barafu" limetoka Kiajemi, ambako maana yake hasa ni theluji. Yote mawili yaliletwa na bahari na biashara. Bahari ilituletea neno, nasi tukalipa kazi: barafu ya kuhifadhi samaki, barafu ya ukwaju na ubuyu ya shilingi kadhaa unayoila ukitoka madrasa. Sisi kazi yetu ni kuizuia isiyeyuke, wao kazi yao ni kuiyeyusha. Tofauti ni hiyo tu.

Sasa nakuja kwenye kinachoniuma. Barafu ya Kilimanjaro inaisha. Watafiti walilinganisha vipimo wakakuta kwamba kutoka 1912 hadi 2007 karibu asilimia 85 ya eneo lililofunikwa na barafu lilipotea. Mwaka 2022 UNESCO ikasema barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya yatarajiwa kutoweka kufikia 2050. Hesabu umri wako. Wengi wetu tutakuwa hai, na tutakuwa ndio wazee wanaoulizwa.

Kuna wazee Uchagani, Taveta na Loitokitok wanaokumbuka ile nyeupe ilikuwa inafika wapi wakiwa watoto. Wanakumbuka mto gani ulikuwa haukauki. Simu zetu zina kamera na kinasa sauti, lakini twarekodi dansi na chakula. Mimi pia narekodi, si vibaya. Lakini tusipowarekodi hawa, miaka 30 ijayo atatokea Cooley mwingine, amekaa mahali penye kiyoyozi, aseme kwamba barafu haikuwahi kuwa nyingi hivyo, na sisi tutakosa la kumjibu.

Kwa hivyo ukienda likizo bara, kwa babu ya rafiki yako au kwa shangazi aliyeolewa Taveta, muulize swali moja tu: "Ule mlima ulikuwaje?" Halafu nyamaza, rekodi, na uandike jina lake. Jina ni muhimu. Bwana Kheri tumemjua kwa sababu kuna mtu aliandika jina. Wale wapagazi waliokuwa naye, majina yao hatunayo mpaka leo.