Neno "Selimundu" na Historia ya Himoglobini: Mtazamo kutoka Kakamega

Makala haya yanalichunguza neno selimundu, jina la Kiswahili la ugonjwa wa damu wa kurithi, na kuuliza linamfaa kiasi gani msemaji wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, ambako ugonjwa huo umeenea kuliko sehemu nyingi za nchi.

Taswira ya mundu ni ya mwaka 1910. Mwaka huo daktari James Herrick wa Chicago alieleza kwamba damu ya mwanafunzi mmoja kutoka Grenada ilikuwa na chembe nyekundu zilizopinda kama mundu. Umbo lilionekana, sababu haikujulikana. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walipitisha himoglobini katika uga wa umeme, wakagundua kwamba ile ya wagonjwa ina chaji tofauti. Wakauita ugonjwa huu ugonjwa wa molekuli. Kufikia mwaka 1957 Vernon Ingram alikuwa ameonyesha tofauti yenyewe. Himoglobini ina minyororo minne ya protini. Katika mnyororo wa beta, wenye asidi amino 146, ile ya sita hubadilika: valini huchukua nafasi ya asidi ya glutamiki. Kwa badiliko hilo dogo, molekuli zikishaachilia oksijeni hushikamana zikawa nyuzi ngumu, nazo nyuzi huipinda chembe.

Afrika Mashariki nayo ilichangia. Mwaka huo huo wa 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za makabila mbalimbali nchini. Kwenye pwani na kandokando ya Ziwa Victoria aliona jamii ambazo zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na dalili hiyo katika damu. Katika nyanda za juu ilikuwa adimu. Mwaka 1954 alitoa hoja kwamba anayeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga ya kiasi dhidi ya malaria. Ndiyo sababu himoglobini hiyo imedumu katika nchi za mbu.

Turudi kwenye neno. Selimundu limeundwa vizuri kwa kanuni za Kiswahili, lakini lasimulia ujuzi wa 1910 tu: chembe na umbo lake. Pili, katika lugha za Kiluhya omundu, na katika baadhi yake mundu, ni mtu. Shina ni lile lile la Kibantu lililozaa mtu wa Kiswahili. Mundu wa kukatia, ambao wingi wake ni miundu, ni neno jingine kabisa. Hivyo Mluhya aweza kusikia "seli ya mtu", na taswira yote ikapotea. Tena shule za Kenya hufundisha sayansi kwa Kiingereza, hivyo hakuna darasa la kulisahihisha sikio hilo.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Wazazi wawili wenye kubeba himoglobini hiyo, ingawa wenyewe ni wazima, kila mimba yao ina nafasi moja katika nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Jina la umbo haliwaambii hayo. Hatupendekezi selimundu liachwe, kwani limekwisha kuenea; twapendekeza kwamba popote litumikapo liandamane na himoglobini na kurithi, na kwamba watunzi wa istilahi wazisikilize kwanza lugha jirani kabla ya kuidhinisha neno.