Mdudu Gani?

"Umempiga?" mama aliuliza kutoka mlango wa jikoni.

"Nimempiga."

"Amekufa?"

"Nimempiga picha, mama."

Akacheka, kisha akauliza swali lililonikaa kooni mwaka mzima: "Mdudu gani?" Nilikuwa nimepiga magoti kwenye tuta la nyanya nyuma ya nyumba yetu Tanga, simu mkononi, na mbele ya kamera yake nimebana kile kilenzi cha kukuza kinachouzwa barabarani. Nikamjibu kama ningemjibu siku yoyote: "Mdudu tu."

Jibu hilo halina kosa la Kiswahili. *Mdudu* ni kapu lisilojaa. Mwalimu wa baiolojia atakwambia mdudu ana miguu sita na mwili wa sehemu tatu, kwa hiyo buibui, mwenye miguu minane na sehemu mbili, si mdudu. Toka nje ya darasa uone: buibui ni mdudu, nge ni mdudu, jongoo na tandu wenye miguu isiyohesabika nao ni wadudu. Kwetu mtu akigongwa na nyoka usiku husemwa kaumwa na mdudu, maana jina lenyewe halitajwi gizani. Kidole kikivimba kwa usaha pembeni mwa ukucha, huyo ni mdudu wa kidole. Vya ugonjwa ni vidudu, na mchonganishi wa mtaa ni kidudu mtu. Ukialikwa Dar es Salaam kwenda kula mdudu, uliza kwanza, usije ukawekewa sahani ya nguruwe. Hata wanasayansi wamelikubali kapu hili: icipe, kituo cha utafiti wa wadudu alichokianzisha Thomas Odhiambo mwaka 1970, makao yake yako Kasarani, Nairobi, mahali panapoitwa Duduville.

Mtu aliyeshika ndala anatosheka na neno moja. Ndala haiulizi jina. Picha ndiyo inayouliza, kwa sababu ukishapiga mia mbili lazima uzipange, na huwezi kuzipanga zote chini ya "mdudu".

Nilianza na sarufi, kwa kuwa huko hakuna anayeuma. Kipepeo, kiwavi na kimulimuli wamevaa *ki-* ile ile ya kiti na kisu, ila hakuna Mswahili anayesema kipepeo kimeruka. Ameruka. Gari la msafara wa kiongozi lina kimulimuli kinachowaka, na kwenye majani usiku kuna kimulimuli anayewaka, silabi mbili zikitenganisha taa na roho. Fundi cherehani akiambiwa "buibui limechanika" atachukua sindano. Ukimwambia "buibui amechanika" atakuonea huruma. Halafu yuko chungu. Chungu ameingia kwenye chungu cha uji, uji umekuwa mchungu, na wenzake chungu nzima wako njiani. Mtoto wa miaka minne anaisema sentensi hiyo bila kujikwaa.

Baadaye ndipo nikarudi kwa mama na picha zangu.

Picha ya kwanza aliitambua bila miwani: kombamwiko. Mimi nilizoea kumwita mende, na mende ni jina zuri tu, lakini halisemi kitu. Kombamwiko linasimulia: huyu ndiye anayebaki jikoni mkishalala, akaukomba mwiko mliousahau sufuriani. Ya pili ilikuwa ya vunjajungu, yule wa kijani mwenye uso wa pembetatu, anayekunja mikono kifuani na kugeuza shingo kukutazama, jambo ambalo wadudu wachache wanaliweza. Nilimkuta juu ya mkomamanga. Nilimwachia apande kiganjani nipate picha ya ile miiba ya mikononi, ambayo kwa macho matupu ni kama vumbi na kwenye kioo cha simu ni meno ya msumeno.

"Ulimshika?" mama akauliza.

"Alipanda mwenyewe."

Hakusema neno. Jioni chai yangu ililetwa kwenye kikombe cha plastiki. Vya udongo vilibaki kabatini mpaka kesho yake, kwa sababu anayemgusa mdudu yule, wazee walisema, chombo kinachofuata mkononi mwake hakiponi. Jina hilo hilo la vunjajungu tunalitumia pia kwa karamu za kuaga ulaji wa mchana kabla ya Ramadhani, na sijapata mtu wa kunieleza kwa nini mdudu aliyekunja mikono kama anayeswali awe na jina moja na ulafi wa siku ile. Niliyapenda majina haya mawili kwa jambo jingine. Mwiko, jungu. Aliyeyatunga alikuwa jikoni, na mikono yake ilikuwa na kazi.

Ukishaushika mtindo huo unauona kila mahali. Kitenzi ndicho kinachobeba jina. Bungua anabungua mbao. Kipepeo anapepea. Kifaurongo ukimgusa anajilaza kama maiti, ukigeuka anaondoka zake. Vile vinyweleo viwili vya kichwani, ambavyo katika picha zangu nyingi huwa vimeingia ukunguni kwa sababu mwenyewe hatulii, huitwa vipapasio, na neno halingeweza kuwa sahihi zaidi: mwangalie kombamwiko ukutani akipapasa hewa kama mtu aliyekatikiwa na umeme akitafuta kiberiti.

Wengine watasema hayo ni mambo ya kale, lugha imeshachoka kutunga. Tekenya anawakanusha. Huyu ni jamaa ya kiroboto. Jike lake huingia chini ya ngozi ya kidole cha mguu na kukaa humo na mayai yake. Hakuwa wa huku. Alishushwa Angola na meli iliyotoka Brazil mwaka 1872, akasafiri ndani ya miguu ya wapagazi na askari, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa ameshafika pwani yetu. Kwa hiyo hakuna babu wa mwaka 1850 aliyewahi kumwita hivyo. Alifika mgeni, watu wakahisi muwasho, wakampa kitenzi cha muwasho. Hakikuitishwa kikao.

Naye wa kwenye nyanya zangu ni mgeni vilevile. Asili yake ni Amerika Kusini, na Tanzania aliingia mwaka 2014. Dunia ilimjua kwa jina la Tuta absoluta, jambo lililonichekesha kidogo nilipokuwa nimepiga magoti juu ya tuta. Mwenyewe ni kinondo cha kijivu kisichozidi punje ya mchele, na ukimpiga picha anapotea kwenye rangi ya udongo. Anayefaa kupigwa ni mtoto wake. Chuma jani lenye madoa meupe, linyanyue kati yako na jua la asubuhi, sogeza lenzi mpaka iwe inakaribia kugusa. Utaona jani lina ngozi mbili, ya juu na ya chini, na katikati yake, kama mtu ndani ya shuka, kiwavi wa kijani anakula huku akienda. Nyuma yake anaacha njia nyeupe, na ndani ya njia hiyo kuna mstari mweusi wa kinyesi chake. Jani zima linakuwa kama karatasi iliyoandikwa na mtoto wa chekechea.

Wakulima wanamwita Kanitangaze.

Nilipolisikia jina hilo mara ya kwanza kwa muuza mbegu nilidhani ananitania. Nenda ukanitangaze! Ndani ya neno hilo mdudu anajisemea mwenyewe, na anatoa amri: *ka-ni-tangaz-e*. Kila niliyemuuliza asili yake alinipa maelezo yake. Mmoja alisema ni kwa sababu hasara yake haifichiki, shamba la nyanya likishaungua majirani wote wanajua. Mwingine alisema ni majigambo, kama ya mpiganaji wa ngumi: umeshindwa, kawaambie wenzako. Sina haja ya kuchagua. Wataalamu wameshamtoa kwenye hilo Tuta wakamwita Phthorimaea, na huku kwetu hakuna aliyeshtuka. Ukimlinganisha na yule wa kwenye mahindi, aliyeonekana Afrika Magharibi mwaka 2016 na mwaka uliofuata akawa kwetu, unaona tofauti ya mezani na shambani. Yeye aliitwa kiwavijeshi vamizi. Jina halina kosa, linafaa kwenye kipeperushi, na bado linatembea kama kiatu kipya.

Mahali tulipobakiwa na ustadi ni kwenye kusemana. Kupe alikuwa bepari katika siasa za Azimio la Arusha. Sungusungu, chungu weusi wanaouma kwa pamoja, wakawa walinzi wa jadi Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vijana wanaowavamia watalii bandarini Unguja ni papasi. Na siku hizi kila mwenye jina mjini ana chawa wake. Nani kati ya wanaolitamka neno hilo kila siku amemtazama chawa? Kila mguu wake unaishia kwenye kucha moja iliyojikunja kwa kipimo cha unywele, na akitolewa kichwani hamalizi siku mbili. Kupe ni tofauti, hushiba akaachia. Papasi hujificha kwenye nyufa za ukuta, hutoka usiku, hunyonya kwa muda mfupi aliyelala, akarudi ufani kabla hajashtukiwa. Hizo ni tabia tatu za unyonyaji, na waliotupa maneno hayo walizijua zote tatu kwa ngozi zao. Sisi tumerithi tusi, tukamwacha mdudu.

Nisije nikawatukuza wazee kupita kiasi. Ngozi nayo ina mipaka yake. Juu ya mwembe wetu wako majimoto, wekundu, na aliyewapa jina hilo alikuwa ameshamwagikiwa. Jina linajua maumivu tu. Halijui kwamba wanashona. Nilipanda kiti, nikafunga mikono ya shati kwa mpira, nikapiga picha arobaini, na mbili zilifaa. Katika moja wamejipanga mstari, wameuma ukingo wa jani moja huku miguu imeng'ang'ania jingine, wanavuta mpaka kingo zikutane. Katika nyingine mmoja wao ameshika buu mdomoni, mtoto wa kundi lao wenyewe, anampeleka huku na huku kati ya majani, na buu anatoa uzi. Mwenye hariri ni buu. Mkubwa ni mkono wa fundi. Wakulima wa minazi wana sababu nyingine ya kuwaheshimu, kwani wakiwa wengi mnazini, kunguni anayefyonza nazi changa hapati nafasi. Yote hayo yamefunikwa na jina moja la kuungua, maana nani angesimama chini ya kiota chao dakika ishirini bila sababu?

Buibui nao tumewatazama kwa heshima kuliko kwa karibu. Kwetu hauawi ovyo, kwa ajili ya kisa cha Mtume pangoni, na Qurani ina sura yenye jina lake, ya 29. Ila jina ni hilo hilo moja kwa wote. Kuna kadogo kanakokaa kwenye fremu ya dirisha letu, hakatandi utando, kanawinda kwa kuruka. Ukisogeza lenzi hakakimbii. Kanageuza mwili mzima kakuelekee, na mbele ya uso kana macho manne, mawili ya katikati makubwa na meusi kama taa za basi, na ndani yake nimewahi kuona dirisha, anga na kichwa changu. Nimekaandika "buibui mrukaji", nikijua kabisa kwamba ni jina la mtu aliyeketi.

Juzi nilimletea mama picha iliyonishinda. Kwenye tawi la mkomamanga palikuwa na kifurushi cha vijiti, virefu kuliko ukucha, vimekatwa na kupangwa kwa urefu, vimefungwa kwa uzi. Nilidhani ni takataka za kiota mpaka kifurushi kilipotembea. Mbele yake kilitoka kichwa cha kiwavi na miguu sita, kikashika tawi, kikavuta mzigo, kikapumzika. Mtoto wa nondo huyo, anayejijengea nyumba na kwenda nayo.

Mama alivaa miwani. Akavuta picha kwa vidole viwili kama nilivyomfundisha. "Huyu nilikuwa nikimwona udogoni," akasema. "Bibi yako alikuwa na jina lake." Tukangoja. Jina halikuja.

"Tumwite kiwavi-mfuko," nikasema.

"Hilo la ofisini."

Akairudisha picha nyuma, akaipeleka mbele, akahesabu vijiti kwa kidole. Jikoni maji yalikuwa yameanza kuchemka.

"Bebakuni," akasema, akanirudishia simu, akaenda kuangalia maji.

Nikaandika: bebakuni, mkomamanga, saa kumi na moja jioni.