Seva Hukwama Vifaa na Mfumo Visipojaribiwa Pamoja

Seva inayozimika ghafla bila sababu ya wazi huenda isiwe na kifaa kibovu hata kimoja. Kila kipande kikipimwa peke yake huonekana kizima. Kasoro hujitokeza kinapokutana na mfumo endeshi ambao hakikuwahi kujaribiwa nao.

Kiungo baina ya viwili hivyo ni kiendeshi, programu ambayo kwa kawaida hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo. Ikikosea humo, mashine nzima huanguka.

Mfano mashuhuri ni wa Septemba 2008. Matoleo ya majaribio ya kiini cha Linux, namba 2.6.27, yaliripotiwa kuharibu kadi za mtandao za Intel zinazotumia kiendeshi cha e1000e. Taarifa za kudumu ndani ya kadi zilivurugwa, hivyo hata kurejesha mfumo wa zamani hakukusaidia. Lawama zilielekezwa kwa kiendeshi. Oktoba ikabainika kuwa mkosaji ni ftrace, chombo cha kufuatilia utendaji wa kiini, kisichohusiana na mtandao kabisa: kiliandika kwenye anwani za kumbukumbu ambazo zilikuwa zimekwisha kukabidhiwa kadi. Toleo la 2.6.27.1 lilizima sehemu hiyo.

Kampuni kama Red Hat na Microsoft huchapisha orodha za seva zilizothibitishwa. Hata hivyo, uthibitisho huhusu toleo maalumu la mfumo. Mnunuzi anayeipandisha seva hadi toleo jingine, au kubadili kadi ya diski kwa ya bei nafuu, huwa amekwisha kutoka nje ya orodha, ijapokuwa nembo ya seva ni ile ile.