Utunzaji wa Nakala Rudufu za Hesabu kwa Wafanyabiashara Wadogo wa Bukoba na Muleba

Alasiri ya tarehe 10 Septemba, 2016, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliukumba Mkoa wa Kagera. Watu 17 walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa, na nyumba nyingi za makazi na biashara ziliharibika au kubomoka. Jengo la duka likianguka, vinaharibika pia vitu visivyoonekana kwa urahisi: daftari la madeni, stakabadhi na kompyuta yenye hesabu za miaka kadhaa. Bidhaa zinaweza kununuliwa upya, ila orodha ya wadaiwa iliyopotea hainunuliki popote.

Si lazima tetemeko litokee ndipo hesabu zipotee. Mto Kanoni unapofurika mjini Bukoba, maji huingia majumbani na madukani. Mnunuzi wa samaki katika visiwa vya Bumbire au Goziba, wilayani Muleba, anaweza kuangusha simu ziwani. Umeme ukikatika ghafla, faili lililokuwa wazi linaweza kuharibika. Wizi na virusi vya kompyuta navyo ni hatari ya kila siku.

Kwa nini kumbukumbu zina thamani

Sheria ya Usimamizi wa Kodi, Sura ya 438, inamtaka mlipakodi kutunza kumbukumbu zake kwa muda wa miaka mitano. Faida yake hupimika kwa fedha. Katika viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mfanyabiashara binafsi mwenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka alitozwa shilingi 100,000 iwapo hakuwa na kumbukumbu. Aliyezitunza alitozwa asilimia 3 ya kiasi kilichozidi milioni 4. Hivyo, mwenye mauzo ya milioni 6 alilipa shilingi 60,000. Aliyepoteza daftari lake alipoteza pia msingi wa kudai kiwango hicho.

Kanuni ya tatu, mbili, moja

Kanuni inayotumika duniani kote ni kuwa na nakala tatu za hesabu, katika vifaa vya aina mbili tofauti, na nakala moja kati ya hizo iwe mbali na eneo la biashara. Kwa duka la Bukoba Mjini, nakala ya kwanza ni ile iliyo katika kompyuta au simu ya kazi. Ya pili iwe katika flashi au diski ya nje. Ya tatu ihifadhiwe mtandaoni, au kwa ndugu mwaminifu aliyeko Muleba. Mfanyabiashara wa Muleba anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kuweka nakala yake Bukoba. Kwa kuwa tetemeko linaweza kuzigusa wilaya zote mbili kwa pamoja, hifadhi ya mtandaoni ni kinga bora zaidi pale intaneti inapopatikana.

Ratiba inayopendekezwa

Kila siku, kabla ya kufunga duka: nakili faili la hesabu kwenye flashi na ulipe jina lenye tarehe ya siku hiyo, bila kufuta la jana. Anayetumia daftari apige picha kurasa za siku hiyo. Stakabadhi za mashine za EFD zipigwe picha mapema, kwa sababu maandishi yake hufifia.

Kila wiki: peleka nakala mtandaoni au kwa mtunzaji wa mbali. Chomoa diski mara baada ya kunakili. Ikiachwa imechomekwa, virusi vinavyofunga mafaili vitaifikia nayo.

Kila mwezi: fungua nakala katika kifaa kingine, kisha linganisha jumla ya mauzo, madeni ya wateja na bidhaa zilizopo. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haina uhakika wowote.

Ikumbukwe kuwa huduma inayolinganisha mafaili ya simu na ya mtandaoni haitoshi peke yake, kwani faili likifutwa upande mmoja hufutika na upande wa pili.

Usiri wa taarifa

Orodha ya wadaiwa ina majina na namba za simu za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inamtaka anayetunza taarifa hizo kuzilinda. Nakala zote zifungwe kwa nywila, na nywila hiyo iandikwe katika bahasha iliyofungwa na kukabidhiwa mtu mmoja anayeaminika, ili mwenye biashara akiugua au kufariki, familia yake isikose hesabu.

Kazi ya kila siku huchukua dakika chache. Mfanyabiashara ambaye bado hajaanza anashauriwa kuanza leo na flashi moja na daftari alilonalo.