Watunzi wa nyimbo za dini na njia ya Nyangwe

Sehemu kubwa ya nyimbo za zamani za Kikristo zinazoimbwa kwa Kiswahili mashariki ya Kongo haikutungwa Kongo wala haikutungwa kwa Kiswahili. Maneno yake yaliandikwa Uingereza, Kanada na Marekani katika karne ya 18 na ya 19, yakafasiriwa pwani, kisha yakaingia bara. Katika Maniema ya kusini lugha ya nyimbo hizo ilikuwa imetangulia kufika. Waungwana wa pwani waliileta kupitia Tabora, Ujiji, Kabambare na Kasongo, wakifuata pembe na watumwa, hadi Nyangwe penye soko kubwa ukingoni mwa mto Lualaba.

Mvumbuzi Livingstone alikaa Nyangwe mwaka 1871, na tarehe 15 Julai aliona watu wa soko hilo wakipigwa risasi na wafanyabiashara, mamia wakafa. Kiswahili cha mji huo, Kingwana, kilikuwa lugha ya biashara na ya Uislamu. Kwa hiyo maneno ambayo Wakristo wangeyahitaji baadaye katika nyimbo zao, kama dini, imani, dhambi, rehema, roho na malaika, yalikuwa yamekwisha kuzoeleka midomoni mwa Waislamu. Hata neno tenzi, lililopewa kitabu mashuhuri cha nyimbo za Kiprotestanti, Tenzi za Rohoni, ni la washairi Waislamu wa pwani.

Nyimbo zenyewe zilipita kwanza bila kuacha alama. Mvumbuzi mwingine, Stanley, aliondoka Nyangwe tarehe 5 Novemba 1876 pamoja na Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Katika msafara huo alikuwamo Frank Pocock, kijana kutoka ukingo wa mto Medway, Uingereza, aliyezoea kuimba nyimbo za kanisa kambini. Aliimba kwa Kiingereza. Alizama mtoni Juni 1877, kabla msafara haujafika baharini.

Kazi ya kufasiri ilifanyika Zanzibar. Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alifika kisiwani mwaka 1864, akawa askofu mwaka 1874 na kufariki mwaka 1882. Alisimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa, na miongoni mwa vitabu alivyotoa kwa Kiswahili zilikuwamo nyimbo za ibada. Waimbaji wake wa kwanza walikuwa watumwa waliokombolewa, watoto wa bara waliopelekwa pwani na biashara ileile iliyoikuza Nyangwe. Katika Zaburi alisaidiwa na mwanachuoni Mwislamu, Sheikh Abdul Aziz. Majina ya vijana waliomsahihishia Kiswahili chake kwa kawaida hayatajwi juu ya nyimbo. Anayetajwa, akitajwa mtu, ni Mwingereza aliyeandika maneno ya asili.

Nguvu ya tafsiri hizo ilionekana Buganda mapema. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu Wakristo walichomwa moto kwa amri ya mfalme wao, Kabaka Mwanga. Kwa mujibu wa wamisionari wa wakati huo, walikwenda kufa wakiimba kwa Kiswahili wimbo wa sifa za kila siku. Maneno yake yalikuwa ya Sabine Baring-Gould, kasisi wa Kiingereza aliyeuandika mwaka 1865. Bila shaka hakuwaza kwamba wimbo wake ungeimbwa katika saa kama ile.

Baada ya hapo mkondo mkubwa ulitoka Marekani. Ira Sankey, aliyeimba katika mikutano ya mhubiri Dwight Moody, alianza mwaka 1873 kuchapa kijitabu cha nyimbo rahisi zenye kiitikio. Kiliendelea kunenepa mpaka kikawa na nyimbo 1,200, na wamisionari wengi walikitumia. Mtunzi aliyetia fora alikuwa Fanny Crosby wa New York (1820–1915), kipofu tangu uchanga, aliyeandika nyimbo zaidi ya 8,000. Wimbo wake wa kumsihi Mwokozi asimpite, wa mwaka 1868, ulipata tuni kwa William Doane, mwenye kiwanda cha mashine za useremala. Wimbo unaomwita Yesu rafiki uliandikwa na Joseph Scriven, mzaliwa wa Ireland aliyehamia Kanada. Mchumba wake alikufa maji mkesha wa harusi, na baadaye, yapata mwaka 1855, aliandika beti hizo kumfariji mama yake. Tuni ni ya mwanasheria, Charles Converse, ya mwaka 1868. Philip Bliss, mtunzi mwingine wa kundi hilo, alikufa katika ajali ya treni Ashtabula, Ohio, Desemba 1876, mwezi uleule Tippu Tip alipoagana na Stanley mtoni na kurudi nyuma.

Kuzitia nyimbo hizo katika Kiswahili si kazi nyepesi. Mstari wa Kiingereza mara nyingi huishia kwenye silabi yenye mkazo. Neno la Kiswahili hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho. Tuni ikibaki ilivyo, mwimbaji hulazimika kukaza pasipo mkazo, na neno husikika kama limevunjwa. Tena neno moja la Kiswahili huweza kujaza nusu ya mstari, hivyo mawazo matatu ya Kiingereza hubakia moja. Mizani ilihesabiwa, lakini vina, ambavyo mtunzi wa pwani asingethubutu kuviacha, mara nyingi viliachwa.

Kwa Wakatoliki mambo yalikwenda vingine. Mapadri Weupe walipokea kituo cha Mpala, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Majeshi ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, yaliteka Nyangwe na Kasongo mwaka 1893, na mwanzoni mwa karne ya 20 mapadri hao wakafungua misheni upande wa Kasongo. Misa ilibaki Kilatini. Kiswahili kilipata nafasi katika katekisimu na nyimbo za pembeni. Mtunzi mkubwa aliyetoka katika malezi yao ni Joseph Kiwele, mzaliwa wa Mpala mwaka 1912, mpiga kinanda na mwalimu wa muziki Elisabethville, aliyechanganya nyimbo za Kigregori na sauti za Kibantu. Mwaka 1960 alitunga wimbo wa taifa wa Katanga iliyojitenga na kuwa waziri wa elimu huko; alifariki mwaka 1961.

Misa ya kuimbwa iitwayo Missa Luba, iliyotoka Kamina mwaka 1958, hutajwa kwa jina la Mfransisko Guido Haazen, ingawa waimbaji wenyewe ndio waliobuni sehemu kubwa ya sauti zake papo hapo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliruhusu lugha za watu kutumika katika Misa, na mwaka 1988 Roma ikaidhinisha misale ya majimbo ya Zaire, ambamo ngoma na kucheza vina nafasi yake katika ibada. Tangu hapo walimu wa korali wamekuwa wakitunga wenyewe kwa Kiswahili, na nyimbo zao huenea kwa nakala za mkono na kwa masikio, kutoka parokia hadi parokia.